Kabla ya Saa Mbili

Jumapili ile kigoda cha Mzee Bisibisi, fundi wa redio, kilikaa nje ya duka la kinyozi tangu asubuhi mpaka jua likazama, na hakuna aliyekikalia.

Kinyozi ndiye aliyekumbuka saa. Alikitoa saa tatu kama kawaida, akakifuta kwa taulo, akakiweka upande wa kushoto wa mlango, mahali ambapo kivuli hudumu. Mzee hakushuka. Saa tatu na nusu alitokea dirishani, ghorofa ya tatu, akashika nondo kwa mikono miwili huku akicheka. Alisema binti yake amemfungia mlango kwa nje, kwa sababu Alhamisi alitoka kununua betri akapotea mpaka jioni, na simu yake ikapotelea hukohuko.

"Leo mimi ni redio ya maonyesho," alisema kwa sauti. "Nitazameni tu, msiniguse."

Wateja wakacheka. Akawaambia ameshakunywa chai, amekula kiporo cha piza, na kwamba kesho mapema atakuwa chini. Kinyozi akampungia mkono wenye mashine, akarudi kwenye kichwa alichokuwa akinyoa. Alipotazama juu tena, dirisha lilikuwa tupu.

Jumatatu alikitoa kigoda vilevile. Alikuwa ameshasikia habari, lakini mikono ilikuwa imezoea.

*

Jumatano, saa nne asubuhi, Sajenti alisimama mbele ya meza ya Mkuu wa Upelelezi akiwa na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa majibu ya maabara. Ya pili ilikuwa maelezo ya binti wa marehemu, aliyoyaandika Sajenti mwenyewe Jumapili ile, katika chumba cha mahojiano. Pale kituoni walimwita Bi Nukta, kwa kuwa kila alipomaliza kuandika maelezo ya mtu aliweka nukta ya mwisho kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Mkuu alimwambia asome majibu ya maabara kwa Kiswahili cha watu wa kawaida.

Akayasoma. Sumu ya panya haikuonekana tumboni kwa mzee wala kwenye kipande cha piza kilichosalia ndani ya kopo. Pakiti iliyokutwa chini ya sinki haikuhusika; alikwisha kuthibitisha kwamba iligawanywa na jirani, kwa sababu ghorofa nzima ilikuwa na panya mwezi huo. Kilichomuua mzee ni sumu ya bakteria, wale wanaotoka mikononi mwa watu, wakaanguka kwenye chakula, chakula kikakaa kwenye joto. Mzee alitapika na kuharisha mpaka mwili ukakauka. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu, anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini, saa chache tu zilitosha.

"Lakini alikipasha moto," Mkuu alisema. "Kikaango kilikuwa jikoni."

Sajenti alikuwa ameuliza jambo hilohilo kwa simu. Daktari wa maabara alimjibu kwamba moto huua bakteria, hauiui sumu waliyokwisha kuitema. Mzee angeweza kuiunguza ile piza ikawa mkaa, sumu ingebaki palepale. Kinachomwokoa mlaji ni kukiweka chakula kwenye baridi mapema, kabla hao bakteria hawajapata muda wa kuzaana. Muda wenyewe ni saa mbili hivi tangu kitoke motoni, na siku za joto kali hata saa moja.

Mkuu akatabasamu, tabasamu ambalo Sajenti hakulipenda.

"Basi soma hayo maelezo yake. Mstari wa sita."

Sajenti alisoma mwandiko wake mwenyewe. *Piza tuliila saa saba na nusu mchana siku ya Jumamosi. Vipande vinne vilivyobaki niliviweka kwenye friji ndani ya muda wa saa mbili.*

"Saa saba na nusu, ongeza saa mbili."

"Saa tisa na nusu."

Mkuu alisukuma picha juu ya meza. Ilikuwa imeletwa asubuhi hiyo na kaka mtu, mtoto wa kwanza wa marehemu, yeye ndiye aliyeinunua piza ile na kuileta, akaondoka saa tisa. Dada yake alimtumia picha hiyo baadaye, siku ileile. Mzee Bisibisi alikuwa ameinua redio ya jirani kama mtu aliyeshinda kombe. Nyuma yake, mezani, boksi la piza lilikuwa wazi na vipande vinne ndani yake. Saa ya picha ilisema saa kumi na moja na dakika arobaini jioni.

"Amesema uongo," Mkuu alisema. "Mtu hasemi uongo juu ya friji hivihivi. Aliiacha ioze, akamwandalia baba yake, akamfungia mlango kwa nje akaondoka na ufunguo. Majirani wamemsikia akisema amechoka, anaishi na baba kama mfungwa. Unataka nini tena?"

Sajenti aliitazama picha kwa muda.

"Kama alikuwa anaficha kitu, Mkuu, mbona alikipiga picha akamtumia kaka yake?"

Mkuu aliirudisha picha kwenye faili. Alisema sheria imempa mpaka saa nane mchana, na saa nane mchana binti atapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Kama Bi Nukta ana nukta nyingine ya kuweka, aiweke kabla ya hapo.

*

Alianzia kwenye mlango wa nyumba ya mzee.

Jirani wa mlango wa pili, mama mwenye pacha wanaotambaa, ndiye aliyepewa na Sajenti ufunguo uliochukuliwa kwa binti. Sajenti alimwomba amfungie ndani kwa nje, kisha arudi kwake akae kama alivyokaa Jumapili, na asifungue mpaka dakika ishirini ziishe. Mama pacha alishika ufunguo kama kitu cha moto.

"Afande, mimi sipendi haya mambo."

"Hata mimi sipendi, dada. Funga."

Kitasa kiligeuka mara mbili. Kukawa kimya.

Vilikuwa vyumba viwili na jiko. Sajenti alifanya kila alichoweza kufanya mzee wa miaka sabini na sita ambaye tumbo limemgeuka. Alikwenda dirishani: nondo zilikuwa zimeachana kwa upana wa kiganja, na chini mashine ya kinyozi ilikuwa ikinguruma pamoja na redio. Alipaza sauti ya mtu mgonjwa. Hakuna aliyeinua kichwa. Alikwenda jikoni, akafungua friji na kuweka kipimajoto ndani. Alipokitoa baadaye kilisoma nyuzi nne. Friji ilikuwa nzima, wazo lake la kwanza likafa. Ukutani, kwa gundi ya karatasi, ilikuwa bado imebandikwa barua ya binti, herufi kubwa za mtu anayemwandikia asiyeona vizuri:

*Baba, kiporo kiko kwenye kopo la kijani. Kipashe kwenye kikaango, moto mdogo, ufunike, mpaka jibini itoe mapovu. Usile cha baridi. Nitarudi saa moja jioni. Usigombane na mlango.*

Mzee alikuwa amegombana nao. Kitasa kilikuwa na skrubu nne. Mbili zilikuwa zimetolewa, na polisi wa kwanza kufika waliandika "dalili za kuvunja". Sajenti aliinama. Skrubu hizo mbili zilikuwa kwenye kisosi sakafuni, zimepangwa sambamba, vichwa upande mmoja, kama fundi anavyozipanga asije akazisahau wakati wa kurudishia. Ya tatu ilikuwa imezungushwa nusu. Bisibisi yenyewe ilikutwa mkononi mwa mzee.

Sajenti alichukua bisibisi ya kwake na kugonga kitasa, polepole, mara nyingi. Akagonga ukuta. Hewa ya chumbani ilikuwa nzito na jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni. Alitazama saa yake. Dakika tisa tu zilikuwa zimepita. Alikwenda kukaa chini pale walipochora chaki, mgongo kwenye mlango, akasubiri zilizobaki.

Mama pacha alipofungua, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni sauti ileile," alisema. "Tangu saa tano mpaka saa saba. Nikamwambia mume wangu, mzee anatengeneza redio yetu. Afande, nilifurahi. Nilijua jioni itaimba."

Hakuwa na zaidi ya hayo. Sajenti alimwuliza kuhusu Jumamosi: aliliona boksi mezani saa ngapi, lilikuwa wazi au limefungwa. Mama pacha alisema alipokwenda kuulizia redio yao, karibu na magharibi, akaambiwa itakuwa tayari kesho, boksi lilikuwa bado mezani, na alimwonya binti kwamba hali ya hewa ni ya joto. Binti akamjibu asiwe na wasiwasi, muda bado.

"Alisema 'muda bado'? Maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Akasema wenyewe wameandika kwenye boksi."

Sajenti alisimama. Katika orodha ya vitu vilivyochukuliwa jikoni kulikuwa na kopo, kikaango, sahani, kisu, pakiti ya sumu ya panya. Boksi halikuwamo. Aliinua kifuniko cha pipa la taka, akatazama juu ya kabati na nyuma ya friji. Hakuna boksi.

*

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, mwalimu wa hesabu ambaye upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha na wa pili haujaguswa. Sajenti aliambiwa angoje kidogo. Kiti kilichokuwa tupu ni kigoda cha nje. Alikitazama, akabaki amesimama.

Aliuliza kuhusu Jumapili kwa mara nyingine, na Kinyozi akarudia yaleyale, mpaka kwenye utani wa redio ya maonyesho. Akazima mashine, akainama kuzoa nywele zilizorundikana miguuni mwa mwalimu. Hakutumia kizoleo. Alitumia kipande kipana cha boksi, ukingo wake umenyooka vizuri, na nywele zikapanda juu yake kama unga.

Katikati ya nywele Sajenti aliona kichwa cha herufi nyekundu.

"Hilo umelitoa wapi?"

Kinyozi alisema huletewa na binti wa mzee. Maboksi ya piza yana ncha nzuri, huzoa mpaka unywele wa mwisho. Hilo aliliacha mlangoni Jumapili alfajiri akienda kazini, maana anajua yeye hufungua mapema. Sajenti alilichukua kwa ncha za vidole, akamwaga nywele kwenye ndoo, akapuliza zilizobaki. Kilikuwa kifuniko. Chini ya picha ya piza kulikuwa na mistari miwili iliyochapishwa:

*Piza iliyobaki iwekwe kwenye friji kabla ya saa mbili. Ipashwe moto mpaka ndani.*

Aliusoma mstari wa kwanza mara mbili kimya, kisha mara moja kwa sauti.

"Hao wanapenda kulala mapema," Kinyozi alisema. "Saa mbili mimi bado nina wateja watatu."

Sajenti alimgeukia taratibu.

"Saa mbili gani?"

"Saa mbili usiku. Kwani kuna nyingine? Ya asubuhi piza itakuwa imetoka wapi?"

"Si saa mbili ya usiku," mwalimu wa hesabu alisema kutoka kitini. "Ni muda. Masaa mawili tangu itoke kwenye tanuri. Mtu yeyote anaelewa."

"Ingekuwa muda wangeandika masaa mawili."

"Saa mbili ndiyo Kiswahili sahihi. Masaa ni lugha ya mtaani."

"Na mtaani ndiko inakoliwa piza, mwalimu," Kinyozi alisema. "Wewe tulia, nusu ya akili yako iko chini."

Mwalimu alicheka bila kutaka. Sajenti hakucheka. Alimwomba kila mmoja aandike kwenye daftari, kwa mkono wake, anavyouelewa mstari ule, na asitazame cha mwenzake. Halafu akapiga simu kwenye namba iliyokuwa kwenye ukingo wa boksi. Mwenye mkahawa alisema bila kufikiri kwamba maana yake ni saa mbili tangu itoke motoni, jambo hilo linajulikana, na mbona mwaka mzima hakuna aliyewahi kuuliza.

Saa sita na robo. Aliweka kifuniko ndani ya mfuko wa ushahidi, nywele chache zikiwa bado zimeng'ang'ania jibini iliyokauka pembeni.

*

Binti aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na nguo zilezile za Jumapili, sare ya kiwanda cha kushona, viatu bila kamba. Siku tatu hakuwa ameoga vizuri wala kulala vizuri, na hakuwa ameruhusiwa kumwosha baba yake wala kumwona. Chumba hakikuwa na dirisha. Alikaa akitazama mlango.

Sajenti hakumwonyesha boksi. Aliweka daftari jipya.

"Simulia Jumamosi upya. Usinisimulie niliyoyaandika. Nisimulie ulivyofanya."

Binti alisimulia. Kaka yake alileta piza saa saba, wakala saa saba na nusu, baba akafurahi. Vikabaki vipande vinne. Aliacha boksi mezani kwa sababu baba alipenda kuonja kidogokidogo akifanya kazi, na muda ulikuwepo.

"Muda wa mpaka lini?"

"Mpaka saa mbili."

"Kwa hiyo ulitia kwenye friji saa ngapi? Sitaki ndani ya, sitaki kabla ya. Nataka mshale wa saa ulikuwa wapi."

"Saa mbili kasorobo." Binti alimtazama kana kwamba ni mtego mwingine. "Usiku. Nilitega kengele ya simu nisije nikapitiwa."

Simu yake ilikuwa kwenye bahasha ya vielelezo. Sajenti aliitoa, akamwomba aifungue mbele yake. Kwenye orodha ya kengele kulikuwa na moja ya saa kumi na moja alfajiri, ya kazini, na moja ya Jumamosi, saa mbili kasorobo usiku, yenye neno moja chini yake: *piza*.

Sajenti alipiga hesabu kwenye ukingo wa daftari, ingawa hakuihitaji. Kutoka saa saba na nusu mchana mpaka saa mbili kasorobo usiku. Saa sita na robo.

"Kwa nini hukuniambia hivi Jumapili?"

"Nilikuambia, afande." Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Nilisema niliiweka kabla ya saa mbili, kama walivyoandika. Ukaniuliza, ndani ya saa mbili? Nikasema ndiyo. Ukanisomea, nikasikia saa mbili, nikatia sahihi. Baba alikuwa amekufa. Sikuwa nasikiliza maneno ya katikati."

Sajenti alifungua maelezo ya zamani. *Ndani ya muda wa.* Maneno manne, mwandiko wake. Mwisho wa ukurasa kulikuwa na tundu la nukta.

Aliufunga ukurasa huo, akauliza swali ambalo kaka mtu alilirudia kila alipofika kituoni: kama piza ilikuwa nzuri, mbona yeye hakula?

"Nilikula. Vipande vilikuwa vinne. Vitatu vya baba, kimoja nikaenda nacho kazini. Nilikila saa nne, wakati wa chai. Cha baridi."

"Halafu?"

Halafu saa saba akatapika juu ya mashine, kwenye kitambaa cha sare thelathini. Alidhani ni joto la ukumbi. Aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, akaambiwa geti halifunguliwi kabla zamu haijaisha, na simu zote ziko kwa mlinzi. Akalala sakafuni nyuma ya marobota mpaka saa kumi na mbili. Hakulisema hilo kwa sababu hakuna aliyemwuliza kuhusu yeye. Waliuliza kuhusu baba tu.

Sajenti alipiga simu kiwandani hapohapo, sauti ikisikika mezani. Msimamizi wa zamu alikwenda kufungua kitabu. Akasoma: Jumapili, saa saba na dakika kumi, mshonaji wa mstari wa nne amechafua kitambaa kwa matapishi, ameomba kutoka, amekataliwa. Sajenti alimwambia kitabu hicho kisiguswe na mtu, kitafuatwa leo.

Alipokata simu, binti alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Kwa hiyo ni piza," alisema. "Si mtu."

"Si mtu."

"Na mimi ndiye niliyeiacha mezani."

Sajenti alisema boksi lilisema maneno yanayoelekea pande mbili, na yeye alikwenda upande mmoja kama kinyozi alivyokwenda. Binti alitikisa kichwa. Hilo alikwisha kulipita.

"Nilimwandikia aipashe mpaka itoe mapovu. Labda hakuipasha vizuri. Siku hizi alikuwa anasahau."

Angeweza kumwachia hilo. Sajenti alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na alijua uongo mdogo wa huruma huishia kwenye maandishi ya mtu.

"Aliipasha vizuri sana. Kikaango kilikuwa na jibini iliyochemka mpaka ukingoni. Alifuata barua yako neno kwa neno. Sumu ya aina ile haiondoki kwa moto, mwanangu. Hata ungekuwepo ukaipasha mwenyewe."

Binti aliisogeza mikono yake ukingoni mwa meza. Alipouliza tena, hakuuliza kuhusu piza.

"Na mlango?"

Sajenti alimweleza aliyoyakuta kwenye kitasa. Alisema mzee alikuwa ametoa skrubu mbili na nusu, akazipanga kwenye kisosi.

"Vichwa upande mmoja," binti alisema.

"Ndiyo."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

*

Kaka mtu alikuwa kwenye benchi la korido, shati limepigwa pasi, tayari kwa mahakama. Sajenti alikaa kando yake na mfuko wa ushahidi magotini. Alimwuliza kama analitambua boksi. Alilitambua, alilibeba mwenyewe. Alimwomba asome mstari wa kwanza na amwambie anauelewaje.

Akasoma huku midomo ikicheza.

"Iwekwe kwenye friji kabla ya saa mbili. Yaani usiku, kabla watu hawajalala." Aliinua macho. "Si ndivyo?"

Sajenti aliendelea tu kumtazama, na kwenye uso wa yule mtu akaona jibu likimrudia kama mpira uliogonga ukuta. Picha aliyoileta ilikuwa bado mikononi mwa Mkuu. Alisoma mstari ule tena, safari hii bila sauti, kisha akainama akashika kichwa.

"Ningekuwepo mimi ningeiweka saa hiyohiyo," alisema.

"Niandikie hapa. Kwa mkono wako."

Aliandika.

Saa nane kasoro dakika ishirini Sajenti aliweka kila kitu juu ya meza ya Mkuu: kifuniko, simu yenye kengele, kurasa mbili za Kinyozi na mwalimu wa hesabu, ukurasa wa kaka mtu, namba ya kitabu cha kiwanda. Juu kabisa aliweka karatasi aliyoiandika dakika chache kabla. Ilisema kwamba maneno "ndani ya muda wa" katika mstari wa sita wa maelezo ya Jumapili hayakusemwa na shahidi, yaliongezwa na mwandishi, na mwandishi ni yeye. Mkuu aliisoma mpaka mwisho, akamuuliza kama anajua karatasi hiyo itaingia kwenye faili lake la kazi na kukaa humo.

"Najua."

"Na bado umeweka nukta."

Karatasi ilikuwa imetoboka palepale.

Mkuu alitazama saa ya ukutani, akavuta fomu ya kuachiliwa, akatia sahihi bila kukaa. Alisema mwenye mkahawa ataitwa kesho kuhusu maandishi ya boksi lake, na msimamizi wa kiwanda kuhusu geti lake. Hakusema samahani, na hakuna aliyeitegemea.

Binti alitoka kwa mlango wa mbele. Kaka yake alisimama alipomwona. Dada mtu alimpa tepu yake ya kupimia nguo amshikie, akainama kufunga kamba za viatu; vyote alikuwa amenyang'anywa na kurudishiwa sasa hivi. Ilimchukua muda. Alipoinuka alichukua tepu yake, wakashuka ngazi za kituo pamoja, mmoja hatua moja mbele ya mwenzake.

Mzee Bisibisi alizikwa Alhamisi, saa kumi jioni. Kinyozi alifunga duka.

Wiki iliyofuata fundi aliitwa ghorofa ya tatu. Siku hizi mlango ule una kitasa kipya, cha aina ambayo ukiwa ndani waweza kuufungua bila ufunguo.